Sindano Sita na Chati ya Kijani

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumamosi, 9 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko, na kazi zinakwendaje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua siku za msiba umetulia? Sisi hatujambo. Mama mkwe sasa anakula vizuri, na jana alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, alipomkuta paka amelala ndani ya kikapu changu cha vitambaa.

Cherehani nimeirudia, hii ni wiki ya tatu. Nina sare za shule za kupinda na vifungo vya kushonea. Mikono inakumbuka kazi hata moyo ukiwa haupo.

Binti yetu Chapuchapu ameketi kwenye kiti cha baba yake. Wenye kile kitabu alichokuwa akikipanga baba yake kwenye kompyuta wamekubali amalizie kurasa zilizobaki. Skrini ameiinua juu ya zile kamusi mbili za zamani, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Juzi akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Baba mdogo atanitumia ile kengele ya baba. Utakuwa unanikagua kwenye chati." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka siku ulipomwekea kaka yako programu ile kwenye kompyuta? Kila baada ya dakika arobaini kengele inalia, naye anatoka chumba cha nyuma akijinyoosha na kusema, "Mfungwa karuhusiwa kuota jua!" Anakunywa maji, anasimama dirishani kutazama tangi la maji la jirani ili macho yapumzike, kisha ananitungia sindano, maana mimi tundu silioni tena. Nikawa namtania kwamba nimeajiri mtunga uzi mwenye ndevu. Shemeji, nilikuwa nakuombea dua kila kengele ile ilipolia.

Kilipokuja kitabu hiki kikubwa, kengele ikanyamaza. Aliniambia imehamia kwenye vile vya masikioni, isinichanganye na kelele za cherehani. Akawa ananitungia sindano sita asubuhi kwa mkupuo mmoja na kuzichomeka kwenye sponji. "Za akiba hizo, mke wangu, usihangaike kuniita." Nikaona ni upendo. Nikawa naifungua kwenye simu chati ya mapumziko yake kila Jumamosi, naikuta kijani mwanzo mpaka mwisho: kapumzika, kapumzika, kapumzika. Niliwasimulia hadi wateja wangu jinsi mume wangu alivyo msikivu.

Mguu wake ulipoanza kuuma na kuvimba, daktari aliuliza huwa anakaa muda gani bila kunyanyuka. Kabla yeye hajafungua mdomo nikajibu mimi, kifua mbele, na picha ya chati nikaitoa kwenye simu. Daktari akanisifu. Akaandika dawa ya misuli, akaturudisha nyumbani. Kaka yako muda wote alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani ni maumivu. Siku ya tisa damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, na mengine unayajua.

Wiki iliyopita nilikuwa nafuta vumbi mezani kwake. Nikainua kibodi, nikakuta karatasi iliyokunjwa. Unamjua mwenyewe, hakuamini kitu mpaka akichapishe. Ulikuwa ujumbe wako wa mwaka jana: "Kaka, bonyeza hapo nilipokuonyesha, haitalia tena. Chati nimeiacha ijijaze kijani yenyewe, shemeji asipate presha. Kitabu kikiisha tutairudisha."

Nilikaa kwenye kiti chake mpaka chai ikapoa.

Ulikuja msibani, ukanishika mikono yote miwili, ukasema, "Shemeji, ulimtunza, hakuna ulichoacha kufanya." Uliyasema hayo ukinitazama machoni, na ulikuwa unajua. Mimi ndiye niliyempelekea daktari uongo wenu, mkononi mwangu, nikijivuna.

Sisemi kwamba angepona. Hilo analijua Mungu. Najua pia kwamba kazi ilimbana na kwamba alikubembeleza, na akianza kubembeleza nani angemkatalia? Yeye naye alinidanganya, tena kila asubuhi, kwa sindano sita. Lakini yeye siwezi tena kumwandikia. Kwa hiyo la kwake na la kwako yote nimekuandikia wewe, unisamehe kama mzigo ni mzito.

Karatasi nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Chapuchapu hajaiona, na mimi sitamwonyesha. Baba aliyebaki naye ni wewe, sitaki ampoteze na huyo kwa mkono wangu. Ila nakuomba, usimtumie programu ile kabla hujampigia simu na kumwambia kwa kinywa chako kengele ya baba yake ilizimwaje, na nani aliizima. Akikukasirikia, vumilia. Ukimaliza, mwekee isiyo na kitufe cha kuinyamazisha. Chati siitaki tena. Mimi nitamjua kwa hatua zake, akitoka chumba cha nyuma kuja kunitungia uzi.

Zile sindano sita za mwisho bado ziko kwenye sponji na uzi wake mweupe. Sijaweza kuzigusa.

Msalimie sana mkeo, na yule mdogo wenu anayeota meno. Mama mkwe anakusalimu, anauliza utakuja lini. Nimemwambia kazi zimekubana. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mwema, na akupe moyo wa kusema.

Mimi shemeji yako,
ninayekupenda ingawa nimeumia.

Kengele yako ikilia huko, nyanyuka, unikumbuke.