Damu ya Bingwa

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu tele. Kama hujambo, nami nadunda. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huna ujanja, utanisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

Geti nililochomea juzi, mwenyewe kalizunguka kimya kama yuko makumbusho. Nimetembea nchi nyingi, sijaona mchomeaji wa kunifikia, na sisemi kwa kujisifu. Mgongo tu unanisumbua; uzee wa mtu mwingine umekosea nyumba.

Sasa sikia matusi. Nimekwenda kutoa damu kama kawaida yangu. Binti wa sindano kanitoboa kidole, katazama kimashine chake, eti: "Baba, damu yako imepungua sana. Wewe ndiye wa kuongezewa." Mimi! Nusu ya mji huu inatembea na damu yangu! Mke wa fundi cherehani alipojifungua vibaya, nani alinyoosha mkono? Mpaka leo fundi ananiita ndugu wa damu.

Wewe ndiye nesi wa ukoo. Ninywe nini nirudi nikamwaibishe yule binti?

Kaka yako,
Bingwa


12 Machi

Kaka, shikamoo.

Huku wazima, ila miguu imevimba. Bado niko chumba cha kamera ya tumbo, kutwa tunawamezesha watu mpira wenye kamera.

Kachukue vidonge vya kuongeza damu. Vina madini ya chuma, kwa hiyo usishtuke choo kikiwa cheusi. Ni ile dawa. Lakini damu ya mwanamume haipungui hivi hivi, lazima kuna inakopitia. Huo mgongo unautuliza kwa dawa gani? Nijibu hilo, wala usinipige chenga.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu, daktari nusu,

Hujambo? Mimi mzima. Kizunguzungu kidogo nikisimama, lakini hata nguzo za umeme huyumba.

Umenitua mzigo! Nilikuwa na hofu sikuitaja. Choo changu ni cheusi tangu kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza, kinanata kama lami, na harufu yake hata nzi wanaomba ruhusa. Kumbe ni chuma! Nikajiuliza, mbona kilianza kabla ya vidonge? Halafu nikacheka mwenyewe. Maisha yangu yote nameza moshi wa kuchomelea. Tumbo hili ni ghala la vyuma. Nani mwingine angegundua hilo bila kwenda chuo?

Mgongo nautuliza kwa vidonge vya maumivu vya dukani, vya kawaida tu, asubuhi na jioni, nasukumia na kahawa kavu. Vikigoma, naongeza.

Kaka yako,
tajiri wa vyuma


31 Machi

Kaka, shikamoo.

Leo sikuulizi hali, naijua. Simu hupokei, barua hii nimempa dereva wa lori akupe mkononi.

Moshi wa kuchomelea hauendi chooni. Choo cheusi cha kunata ni damu iliyopitia tumboni. Vile vidonge vya maumivu vimekuchimba kidonda, na kinavuja. Nilikwambia usishtuke, nayafuta maneno yangu. Shtuka. Tupa vidonge hivyo, usile kitu, panda lori uende hospitali leo hii. Watakuwekea dripu na damu, watapitisha kamera, watabana mshipa unaovuja. Ndivyo ninavyowafanyia watu nisiowajua kila siku.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kutoka wodini, kitanda cha dirishani. Wakubwa hatulali mlangoni.

Dereva wako alinikuta nimekaa chini ya geti natapika damu. Wamenimezesha mpira, kidonda nimekiona kwenye televisheni. Kidonda cha maana, si cha kuokoteza. Wamekibana kwa kibanio kidogo cha chuma. Nikawaambia, mngenipa mashine ningekichomea mwenyewe, na mshono msingeuona.

Daktari anasema kikifumuka tena kabla sijaongezewa damu, hana la kufanya. Na friji lao la damu li tupu. Nikamwambia tulia, mji mzima una damu yangu, nitaidai. Wifi yako kapimwa, damu yake haiendani na yangu, basi nikamtuma apite nyumba kwa nyumba. Huyu ana safari, yule kafunga duka hajulikani alipo. Fundi cherehani anasema anaogopa sindano. Sindano! Nimecheka mpaka kidonda kikanikumbusha kipo.

Usiache kazi kwa ajili yangu. Watakuja tu, nawajua.

Kaka yako,
Bingwa


14 Aprili

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nilikuja. Kundi letu la damu ni moja, nilikuja na mkono wangu. Nilipoingia wodini, kitanda cha dirishani kilikuwa kinatandikiwa mtu mwingine.

Ungeona mazishi yako ungejisifu mwaka mzima. Watu waliziba barabara. Waliosafiri walirudi. Wenye maduka walifunga tena, safari hii kwa heshima. Wanaume walikunja mikono ya mashati wakashika majembe, nami nikasimama naitazama mishipa yao kama ninavyoitafuta kazini. Minene, Kaka. Mizuri. Hata mwanafunzi asingekosea.

Fundi cherehani alibeba jeneza upande wa mbele, hakutaka kupokewa. Alilia kutushinda sisi wa tumbo moja. Kisha akanijia, akasema, "Alikuwa ndugu yangu wa damu."

Niliutazama mkono wake tu, mpaka akakunjua mkono wa shati na kufunga kifungo.

Mdogo wako