Mama Ameangalia Mechi

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Habari za hapo nyumbani? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na cherehani yako, bado inakohoa? Mimi mzima kabisa, nimenenepa kidogo, ni heshima tu inatafuta pa kukaa.

Najua utacheka, mtu mwenye simu mbili kuandika barua. Lakini kwenye simu unanikatiza, na habari hii haitaki kukatizwa. Kaa chini. Umekaa? Mdogo wako, yule ambaye mwalimu wa hesabu alimwomba kwa upole asirudi tena, sasa ni kocha mkuu wa timu ya kriketi. Ya kulipwa, dada, siyo ya mtaani! Nimepewa ofisi yenye feni na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha mpaka nikataka kutapika.

Unakumbuka magazeti yalivyoniita Mkata-kuni? Miaka kumi na minne nilicheza, na kila mpira nilioletewa niliupasua kama gogo. Sasa uwaone vijana wangu. Wanaupiga mpira kwa upole, kama mtu anayefungua mlango ndani mtoto kalala. Waandishi wananiuliza, "Kocha, huu mtindo umeutoa wapi?" Nagonga kipara changu, nawaambia, "Humu, mabwana."

Jumamosi tutaonyeshwa kwenye televisheni. Nakuomba kitu kimoja: mkalishe Mama aangalie. Miaka yote niliyocheza hakutazama hata mechi moja, na sikumlaumu. Nilikuwa nimesimama mahali pa mwanawe mkubwa. Lakini siku hizi sisimami popote. Nakaa kwenye benchi na kofia yangu. Hana tena sababu.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumanne, 12 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mgongo umetulia, cherehani inakohoa kuliko mwenye nyumba. Hongera ya kiti.

Mama ameangalia mechi. Usifurahi kwanza.

Alikuwa anakunja nguo. Akaingia mpigaji wako wa kwanza. Akachora kamstari chini kwa gongo lake, pale atakaposimama. Akavuta glavu ya kushoto kwa meno. Akagusa bega kwa kidevu. Mama akaacha kukunja. Akasema, "Huyo ni Taratibu."

Nikamwambia, "Mama, kaka tulimzika. Kifua kilimmaliza, mwaka wa kumi na tano huu."

Akaniambia, "Nyamaza wewe. Mwanangu anacheza."

Kijana akatolewa, nikashukuru Mungu. Akaingia mwingine, mfupi, mnene. Glavu, meno. Kidevu, bega. Mama akasema, "Amerudi." Akaja wa tatu, akaja wa nne. Kitinda, mchana kutwa nilimwona kaka yetu akiingia na kutoka uwanjani, amevaa miili ya watu. Umewafundisha nini watoto wa wenzio?

Tangu siku hiyo Mama anaweka sahani ya tatu mezani. Na usipige simu kwa jambo hili, ana masikio ya paka.

Dada yako


Jumatano, 20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kwa mbali.

Niliposoma barua yako nilicheka. Nikasema dada kazeeka, miwani ibadilishwe. Halafu nikaenda mazoezini, nikakaa kimya (wachezaji wakadhani naumwa), nikatazama.

Ni yeye, dada.

Unakumbuka tulivyocheza ukutani na ubao wa kitanda kibovu? Nilimwiga kaka mpaka akanicheka. Mwili wangu ulikataa. Yeye alikuwa anacheza, mimi nilikuwa napasua kuni. Kumbe mwili ulikataa, mdomo haukukataa. Kila nilipomwambia kijana "shusha bega, subiri, usiufuate mpira, uache ukufuate," alikuwa ni kaka anasema, mimi nimemwazima ulimi.

Sawa, hilo naweza kulimeza. Nikawakataza: glavu kwa meno, marufuku. Kidevu, marufuku. Jumapili tukafungwa vibaya, mwenyekiti wa timu akaniita ofisini akanikaanga bila mafuta. Vijana walikuwa wanakamata gongo kama mwiko uliokopwa. Nikawaachia wafanye watakavyo, wakarudi palepale.

Sasa sikiliza lisilomezeka. Kaka alikuwa akitolewa, kabla hajaondoka anageuka, anafuta mstari wake kwa kiatu. Ulimwona? Nilipomuuliza alisema, "Sitaki mtu ajue nilisimama wapi." Na kweli, alipougua nikapewa nafasi yake, nilitafuta pa kuweka miguu, sikupaona.

Wote wanafuta. Wote! Sikuwafundisha, nani anafundisha mtu kutolewa? Mimi nikitolewa nilikuwa naondoka natukana. Nikawauliza, "Hili mmelitoa wapi?" Wakatazamana. Nahodha akasema, "Kocha, si unalifanya wewe mwenyewe, ukimaliza kutuonyesha?"

Dada, mimi silijui hilo.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumanne, 2 Aprili

Kitinda,

Habari za kazi. Salamu ziwe fupi leo.

Mama hali. Anasema atakula na Taratibu akirudi, kwa sababu mtu hawezi kucheza siku nzima halafu akute mama yake ameshiba. Daktari amekuja, akaniambia pembeni kwamba kwa umri wake hili halitachukua muda. Nimembembeleza, nimelia, nimegomba. Namwambia kaka amekufa, ananitazama kama mimi ndiye niliyeugua.

Hujakanyaga hapa tangu mazishi. Kila mwaka una mechi. Njoo umwambie kwa mdomo wako huo mkubwa, labda wewe atakusikia.

Dada yako


Jumatatu, 8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuja Ijumaa. Mazoezi nimemwachia nahodha. Naogopa, lakini usimwambie mtu, nina jina mjini.

Kitinda


Jumatatu, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka mbiombio, hatukukaa tukaongea, na yapo mambo lazima uyajue.

Uliingia na kelele zako, zawadi kwapani, "Wazee wa nyumba hii mpo?" Nikasema, haya, mkombozi kafika. Mama akakutazama mlangoni. Akakwambia, "Hebu simama nikuone." Nami nilikuwa nangoja useme tulichopatana useme. Badala yake ukachukua mpini wa ufagio, ukatoka uani, ukachora mstari.

Kitinda, mimi nakujua tangu unanyonya. Hujawahi kusimama hivyo. Ulivuta kwa meno glavu ambayo haikuwepo. Kidevu kikagusa bega. Ukaupiga mpira ambao hakuna aliyeurusha, na wallahi nilisikia mlio wake kwenye mpini. Mama akapiga makofi, akaenda mezani, akala mpaka akaongeza. Nililia kwenye kanga yangu kwa furaha. Lakini kabla hujaja kula, uligeuka, ukaufuta mstari kwa kiatu.

Anakula vizuri tangu hapo. Daktari anashangaa.

Sasa hili. Jana nilikuwa namsuka, akaniuliza, "Na Kitinda? Kaka yake amekuja, yeye mbona haji?" Nikaendelea kusuka. Akasema, "Bado anadhani nimemnunia kwa sababu alichukua ile nafasi. Mtoto mjinga. Ningependa nani aichukue, jirani? Sikumtazama akicheza kwa sababu niliogopa na yeye kifua kitambana, nikiona. Mwambie Taratibu amwambie. Yeye atamsikia."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Dada yako


Jumapili, 28 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima na Mama anaendelea kula.

Barua yako niliisomea kwenye kile kiti. Hakikuzunguka.

Maneno yale niliyangoja miaka kumi na mitano. Yamekuja mlango wa pili, kama mzigo ulioachwa kwa jirani. Haidhuru, nimeupokea, wangu ni wangu. Nililia mpaka mfagiaji akauliza kama tumefungwa.

Nimefikiri, na mimi kufikiri unajua kunavyonichosha. Nikienda nikamwambia ukweli, nitapata mama atakayenitambua kwa wiki mbili. Nikinyamaza, anakula. Basi nitakuja kila mwisho wa mwezi, nitakuja nikiwa yeye. Sihitaji mazoezi, na hapo ndipo ninapotishika. Juzi mwenyekiti alinisifu nimekuwa mpole. Mimi!

Akiuliza habari za Kitinda, mwambie yuko kazini, amekuwa mtu mkubwa, ana kiti kinachozunguka. Mwambie kaka yake alimfikishia ujumbe, na amesikia.

Ila nakuomba jambo moja. Nitakapokuja, nikimaliza kumchezea Mama pale uani, usiniondolee macho. Ukiona nimegeuka, kiatu kimeinuka juu ya mstari, nikimbilie, unishike mkono. Uniite jina langu. Polepole, Mama asisikie, lakini uniite mpaka niitike.

Mdogo wako, bado,
Kitinda