Siku Mbili Nilizonyamaza

Mtaa wa Farrell 14,
Wollongong, Australia.
Alhamisi, 18 Januari 2024

Mpendwa Shangazi Lupe,

Kabla hata sijakujulia hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote: Jumatatu niligundua nimekosea kazini, nikanyamaza hadi Jumatano.

Sasa nisamehe. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Baba analalamikia joto kutwa.

Unajua tangu nimalize shule nasaidia chuoni, kwa Daktari Maree. Kwa kompyuta tunapima chembe ndogo mno za madini, tuone ipi itarahisisha kutenganisha maji ili tupate haidrojeni, nishati isiyo na moshi. Chembe yangu ya nikeli na chuma ilizishinda zote. Wenzetu wa maabara wakajiandaa kuitengeneza, kazi ya wiki tatu. Kumbe nilisahau kuiambia kompyuta kwamba madini hayo yana usumaku! Majibu yote hayakuwa ya kweli.

Niliogopa kufukuzwa. Kisha nikakumbuka nilipokuja huko kwenu Tonga, kisiwani Vava'u, ulivyofumua mkeka wa arusi ya Seini, urefu wa mkono mzima, kwa sababu ya jani moja lililopita pabaya. Hakuna mgeni ambaye angeliona.

Jumatano nikalisema kosa langu kikaoni. Hapa anayekosea hesabu huleta keki kikao kinachofuata. Callum, mwanafunzi mkubwa kwetu, akapiga makofi. "Karibu chamani, dada! Mimi usumaku nimeusahau mara mbili. Iwe ya chokoleti, usituletee biskuti!"

Daktari Maree akacheka, akasema, "Afadhali leo kuliko unga wa chembe hizo ukishapikwa maabara. Ahsante kwa kutuambia mara moja."

Mara moja! Shangazi, hapo ndipo paliponichoma.

Tumeanza kurudia hesabu. Chembe yangu imeshuka hadi ya nne, lakini bado wananitaka. Nawashukuru sana, na nakushukuru wewe na mkeka ule.

Nisalimie Bibi Mele, Seini na mwanawe. Mungu akutunzie mikono yako.

Barua hii anakuja nayo binamu Tevita kesho, nimemkataza kuifungua. Jumatano ijayo nitapeleka keki, na kabla haijakatwa nitamwambia Daktari kuhusu zile siku mbili. Mpaka hapo, tafadhali, iwe siri yetu, hata Baba asijue. Nataka Daktari alisikie kutoka kwangu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukushukuru,
Fusi