Mguu wa Kushoto Hauumi

Mshauri wangu, pokea salamu za mtu aliyechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka nyuma ya chumba cha kufulia, wenzangu wameenda kula, na nisipoyasema haya leo sijui nitayasema lini, maana tarehe ya kupasuliwa imeshapangwa na nyumbani kila mtu anajiandaa, isipokuwa mimi ninayejua kwamba sina haja ya kupasuliwa.

Mimi ni mpiga pasi, mashuka ya mahoteli, kazi ya kusimama kutwa kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, mwenzangu anashika pembe zile nami nashika hizi, tunavuta, tunakunja, linakuja jingine, na miaka ikapita hivyohivyo mpaka mguu wangu wa kulia ukaota kinundu pembeni, pale kidole gumba kinapoungana na mguu, mfupa ukatokeza kama kokwa, na kidole chenyewe kikainama kikawalalia wenzake. Kiliuma, mshauri, hapo sidanganyi. Nilitoboa kiatu kwa wembe ili kinundu kipate pa kupumulia, nikaweka pamba, nikanunua viatu vya kiume kwa sababu ni vipana, wenzangu wakanibatiza jina la Afande, na bado nikifika nyumbani nilikuwa napanda kitandani kwa magoti.

Basi nikaenda kwa daktari wa mifupa. Akaniuliza swali moja, "Mama, kinakuuma au kinakuchukiza? Kama kinakuchukiza tu, mimi sikati." Nikamwambia kinauma hata nikilala. Akapiga picha, akanieleza bila haraka kwamba mfupa utakatwa, utanyooshwa na kushikwa kwa skrubu ndogo zinazobaki humohumo, kwamba mwanzoni mguu utakaa juu ya mito, juu kuliko kifua, niinuke kwenda msalani tu, kisha kwa wiki kama sita nitavaa kiatu kigumu cha hospitali na kukanyagia kisigino. Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuwa amekaa kando yangu, akauliza, "Sasa nani atapika?" Daktari akamtazama, akamjibu, "Kwani wewe mikono yako ina tatizo gani?"

Nikapasuliwa. Siku za mwanzo ziliuma vibaya. Maumivu yalipopoa likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Nililala, mshauri. Mume wangu alipika, akaunguza, akapika tena. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, ambaye tangu aje kwetu sikuwahi kumwona akiosha hata kikombe chake mwenyewe, akawa ananiletea chai chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda, ananisimulia alivyosumbuliwa na uchungu wa kumzaa mume wangu. Binti yetu alifua. Nilikuwa nasikia vyombo vinagongana jikoni na mimi simo, nyumba inaenda na mimi simo, nageuza shavu upande wa pili nalala tena. Jioni mume wangu alikuwa anakuja kupanga mito chini ya mguu, halafu hatoki, anakaa, tunaongea mambo ya kazini kwake, ya watoto, ya zamani tulipokuwa tunachumbiana, tunacheka. Sikumbuki ni lini tuliwahi kuongea hivyo bila mmoja wetu kuwa na kitu mkononi.

Siku daktari alipoangalia picha akasema mfupa umeunga, wote walifurahi. Tulirudi nyumbani, na jioni ileile mama mkwe akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwa vile umeshapona, maharage nimekuchambulia, yako jikoni." Hakuna aliyenifukuza kitandani. Ni kama maji yalivyorudi kwenye mkondo wake. Haukupita muda nikawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, mguu ukivimba kila jioni kama daktari alivyoonya kwamba utavimba kwa miezi, na mume wangu amerudi kwenye simu yake.

Sasa kosa langu ndilo hili. Mguu wa kushoto nao una kinundu, kidogo, hakijawahi kuniuma hata siku moja. Nikiwa natoka kazini nikajikuta naburuta mguu huo. Sikupanga. Mume wangu akaniona mlangoni, akasema, "Na huo tena? Pole mke wangu," akainama akanivua kiatu kwa mikono yake. Basi nikaendelea kuchechemea. Daktari wetu akaubonyeza, akasema huu bado, vaa viatu vipana tuuangalie. Nikaenda kwa mwingine, kliniki nyingine, huyo nikamwambia sipati usingizi kwa maumivu, na alipobonyeza nikauma meno. Akanipangia tarehe. Ni mwezi ujao.

Huenda ningenyamaza nikaingia kwenye hicho kisu. Lakini juzi binti yangu, ambaye amepata nafasi kwenye chuo cha ualimu, chuo cha kulala hukohuko, alikuwa anamenya vitunguu kando yangu, akasema bila kuinua macho, "Mama, nimewaambia chuo nitaanza mwakani. Siwezi kukuacha na mguu." Hakulalamika. Aliendelea kumenya.

Nieleze, mshauri. Kuna ubaya gani kukata kinundu ambacho kipo kweli, hata kama hakiumi, si ipo siku kitauma? Au nifanye hivyo kimyakimya nipumzike mara hii moja tu, halafu basi? Na kama ni kusema, nitaanzia wapi?

Ni mimi, Afande wa mashuka.

MSHAURI ANAJIBU

Barua yako nimeisoma mara mbili, Afande. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika. Nitaanza na hasira, huruma itasubiri.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakutunga methali ya mzusha maradhi, labda hawakuwahi kukutana na mtu aliyechoka kama wewe. Umeuliza kuna ubaya gani. Swali lako nimelipeleka kwa daktari wa mifupa, hakuhitaji hata kufikiri. Kinundu kisichouma hakikatwi, kwa sababu mguu usiouma ukishakatwa unaweza kuanza kuuma. Kiungo kinaweza kukakamaa. Kidole kinaweza kubaki na ganzi isiyoondoka. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu, damu inaweza kuganda kwenye mshipa, mfupa unaweza kuchelewa kuunga, na baada ya mateso yote hayo kinundu kinaweza kurudi. Mtu anayeumwa kweli anaikubali hatari hiyo kwa sababu anataka kuyatua maumivu aliyonayo. Wewe unatua nini? Na hiyo "ipo siku kitauma" umeitoa wapi? Viko vinundu vinazeeka na wenyewe bila kumsumbua mtu.

Halafu angalia ulivyoandika. Chai ya mama mkwe umeieleza mpaka nimeisikia harufu, lakini siku za maumivu umezipitia kwa sentensi moja. Kumbukumbu yako inakudanganya kama unavyowadanganya wengine. Mguu wa kulia bado unavimba jioni, na wa kushoto ukikatwa, ni huohuo wa kulia utakaobeba mwili mzima. Hilo ulilifikiria?

Na huyo daktari wa pili usimlaumu sana, ingawa naye alipaswa kukuuliza umevaa viatu gani na umejaribu nini kabla ya kukimbilia kisu. Picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Maumivu anayajua kwa mdomo wako. Umemdanganya mtu anayekaribia kushika kisu.

Nyinyi wengine mnaosoma barua ya mwenzenu huku mmekunja vidole ndani ya viatu vya ncha, msije mkaogopa hospitali kwa sababu ya hasira zangu. Kama umevaa viatu vipana, umeweka vipande laini vya kukinga, umeacha visigino virefu, na bado kiungo kinakuzuia kutembea, nenda ukaonwe. Uliza mfupa wako utashikwa kwa nini, utakanyaga lini, na kama kazi yako ni ya kusimama utarudi lini, maana wa kusimama hukaa nyumbani muda mrefu kuliko wa kukaa kitini. Kama una kisukari, kama unavuta sigara, kama kuna vidonge unavyomeza, sema yote. Ukishapasuliwa, ukipata homa, au kidonda kikitoa usaha, au nyuma ya mguu chini ya goti kukivimba na kuuma, usingoje kliniki ya wiki ijayo, rudi siku hiyohiyo. Kifua kikibana, ukimbizwe hospitali. Na usitegemee kurudi kwenye viatu vya ncha. Ndivyo vinavyokirudisha kinundu.

Sasa huruma, Afande. Hukuzaliwa mwongo. Umechoka, na umegundua kwamba nyumbani kwenu lugha inayoeleweka haraka ni bandeji. Lakini nionyeshe mahali kwenye barua yako palipoandikwa kwamba uliomba kupumzika ukakataliwa. Nimepatafuta, sijapaona. Uliposhindwa kusimama walisimama wao. Mume aliunguza akapika tena, na mtu anayepika tena baada ya kuunguza si mbaya. Ila hawawezi kukisikia ambacho hujakisema.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi piga simu kliniki, futa tarehe, na sababu utakayotoa ni kwamba mguu hauumi. Usiseme umepata dharura, uongo huo utazaa tarehe nyingine. Kisha zungumza na binti kabla ya mtu mwingine yeyote, ili awahi chuo kabla nafasi haijapewa mwingine, maana kuchoka kwako hakukupi haki ya kula mwaka wake. Halafu mume. Mwambie ukiwa umekaa, huna sufuria wala ufagio mkononi. Usimwombe "mnisaidie kidogo", kidogo hakipimiki. Mwambie siku zipi hupiki. Akikasirika mwache akasirike, ana haki hiyo. Na ule mguu wa kulia urudishe kwa daktari wako wa kwanza, umwonyeshe unavyovimba, na ukiwa huko umwambie ukweli kuhusu wa kushoto.

Ukimaliza, niandikie. Lakini usiniandikie kabla hujapiga hiyo simu.

BARUA YA PILI, imechapishwa kwa ruhusa ya mwandishi

Mshauri, simu nilipiga. Dada wa mapokezi akauliza sababu, nikasema mguu hauumi, akasema, "Haya mama," akakata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, nikabaki nimeshika simu.

Binti yangu alikuwa anafagia nilipomwambia. Aliacha, akaniangalia, akasema, "Mama, si ungesema tu," akaingia chumbani akafunga mlango. Chuo wamemrudishia nafasi yake na anaondoka. Ananijibu, lakini kwa mkato.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na ule wa kulia? Nao ulikuwa hauumi?" Swali hilo liliniuma kuliko kisu. Nikamwambia ule uliuma. Akasema, "Sasa mimi nitajuaje?" akatoka nje. Nilikaa palepale, mikono mitupu kama ulivyosema, na mikono mitupu ni mizito. Aliporudi hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, "Mimi nilidhani unapenda jikoni. Miaka yote hii hujawahi kusema." Nikamwambia nimechoka. Akauliza, "Umechoka na mimi?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Ndipo akavuta kiti.

Mama mkwe alisikia yote, kuta zetu nyembamba. Asubuhi akanifuata kwenye karo akachukua sahani mkononi mwangu. Akasema, "Tangu nije hapa, kila nikinyanyua kikombe unakuja unanipokonya. Unaniambia mama kaa, mama pumzika. Nikajua hutaki mtu jikoni kwako, nikakaa. Wewe ulipolala ndipo nami nikajiona nina kazi hapa duniani." Mshauri, nilidhani nilikuwa namheshimu. Nikampa na kitambaa cha kufutia.

Daktari wetu ameuangalia mguu wa kulia, anasema unaendelea vizuri, nipate kitu laini cha kusimamia kazini. Wa kushoto nikamwambia ukweli. Akasema, "Nilijua, mama," akaendelea kuandika.

Siku mbili za wiki sipiki. Siwezi kusema uchovu umeisha, uchovu wa miaka hauishi hivihivi, na mume wangu bado hajaniamini sawasawa, nikisema kichwa kinauma ananitazama kwanza. Lakini jana nilitoka kazini nikavua viatu, nikaenda kulala mchana kweupe, miguu yote miwili haina bandeji, mlango nimeuacha wazi, na hakuna aliyeuliza ninaumwa nini.