Kidude cha Ndani ya Betri

Rotterdam, 6 Machi 2019

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii? Na mafua, yamekuachia? Mimi mzima, nachoka tu kama kawaida.

Jana nimeibiwa skuta. Nilikuwa ghorofa ya nne namwogesha mzee wangu wa Jumanne, yule aliyekuwa nahodha. Kushuka chini, nakuta mnyororo umekatwa, umelala kwenye matope. Kazi yangu unaijua: wazee tisa kabla ya saa saba mchana, huyu wa kuoshwa, huyu wa kuvishwa soksi, kila mmoja na mtaa wake. Kwa tramu siwawahi. Mkuu wangu amesema wazi kwamba asiye na usafiri hapati zamu za asubuhi. Nikizikosa hizo, kodi ya chumba itanishinda, na itabidi nirudi huko kwako, na hata mwaka haujaisha tangu nitoke kwa hasira. Sitaki, baba. Nakwambia bila kukuficha.

Nimenunua nyingine, ya umeme, ya bei ya chini kuliko zote pale dukani. Inalia kama mashine ya kunyolea ndevu. Kibanda chako kimejaa nyaya na redio za watu. Huwezi kunitengenezea kitu cha kuniambia iko wapi wakiichukua na hii?

Nijibu kwa barua. Simu bado sitaki.

Mwanao,
Hiske

Dokkum, 9 Machi

Hiske binti yangu,

Marahaba. Goti liko pale pale. Mafua yamehamia kwa jirani Aukje, naye kila akipiga chafya ananitazama mimi.

Pole sana, mama. Huyo mwizi namtakia upepo wa mbele kila anakokwenda.

Kitu chenyewe si kigumu. Simu ya marehemu mama yako bado inawaka, na laini yake sijaifunga, sikuweza. Nikiitoa matumbo na kuiunga na swichi ya redio mbovu, napata kidude kama kipande cha sabuni. Nakitumia ujumbe wa neno moja, "Wapi", kinaamka na kunijibu mtaa na namba ya nyumba. Kitaijibu simu yangu tu, asije mtu mwingine akakuchungulia. Binamu yako Jelmer akija huku na lori, mpe betri ya hiyo skuta. Nitakifunga humo humo ndani. Umeme upo, na mwizi gani atafungua betri?

Baba yako

Rotterdam, 13 Machi

Baba,

Shikamoo, na asante. Betri anayo Jelmer, mwangalie asije akaikalia.

Nina sharti moja. Asije mwingine akanichungulia, umesema. Na wewe je? Baada ya kumzika mama ulinipigia kazini mara kumi na moja kwa siku moja. Mara ya kumi na mbili ukampigia mkuu wangu kuuliza kama nimekula. Wenzangu walinitania mwezi mzima. Nina miaka thelathini na mbili, baba. Ndiyo maana niliondoka, na ndiyo maana tunaandikiana.

Kwa hiyo utauliza skuta ikiibwa, na si vinginevyo. Nikigundua unanifuatilia nakichomoa na kukitupa mferejini, na barua zitaishia hapo.

Nakuombea afya.

Mwanao,
Hiske

Dokkum, 20 Machi

Binti yangu,

Betri inarudi na Jelmer. Nimeijaribu: niliiweka kwenye kapu la baiskeli ya Aukje bila kumwambia, nikajua alikwenda kwa mwoka mikate na akakaa huko dakika arobaini. Amenikasirikia, lakini mkate wa sukari ameniletea.

Sharti lako nimelielewa. Miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kufungua daraja la mfereji, linainuliwa, boti zinapita, na sikuwahi kuiuliza hata moja inalala wapi. Najua lile la kumpigia mkuu wako lilikuwa aibu. Nyumba ilikuwa kimya mno, sikujua la kufanya na mikono yangu. Sitauliza mpaka useme imeibwa.

Vaa glavu.

Baba yako

Rotterdam, 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini kicheko hakijakuua, maana mimi nusura kiniue.

Naandika kwa kirefu yale ya Jumamosi, kwa sababu kwenye ujumbe hayakukaa sawa. Nilitoka asubuhi, skuta haipo uani. Jirani wa chini aliona watu wawili wakiipakia kwenye gari kama kochi. Nikakuandikia upesi: "Imeibwa, uliza." Na wewe, ndani ya dakika moja: "Usihofu. Iko kwenye nyumba yako mwenyewe. Haijasogea hata hatua."

Nilikuwa nimesimama jikoni, baba. Betri iko mbele yangu, kando ya birika, inachajiwa. Huwa inachomolewa na kupandishwa juu kila jioni, skuta hizi zote ziko hivyo. Mimi nilijua, wewe hukujua, na kati yetu wawili hakuna aliyekaa akafikiri. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, halafu nikalia kidogo.

Usijisumbue. Nimetoa baiskeli ya mama stoo na mkuu wangu amenipunguzia: wazee sita, wote upande mmoja wa mto. Mshahara umepungua, lakini zamu za asubuhi bado ninazo. Nahodha wangu anasema mapaja yangu yatakuwa ya mkimbiaji.

Mwanao,
Hiske

Dokkum, 6 Juni

Binti yangu,

Salamu, ingawa nakuandikia nikiwa na aibu. Nimetengeneza ulinzi bora kabisa wa betri, na skuta nimewaachia wezi. Nimemsimulia Aukje, akaniuliza kama pale darajani nilikuwa nafungua wakati boti imeshapita.

Nisamehe, mama. Jambo moja uliniomba tangu uondoke, na nimelikosea.

Betri haina kazi tena. Mpe Jelmer airudishe nikitoe kidude, au itupe panapotupwa betri.

Baba yako

Rotterdam, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Siku zimekuwa ndefu, nimeanza kula nje kibarazani.

Betri iache. Pale ilipo hainisumbui.

Mwanao,
Hiske

Dokkum, 30 Agosti

Binti yangu,

Heri ya siku ya kuzaliwa. Kwenye ile kalenda ya siku za kuzaliwa tuliyoitundika chooni, jina lako bado liko kwa mwandiko wa mama yako. Viazi mwaka huu ni vizuri, nimejaza masanduku mawili, na mimi ni mtu mmoja. Sitasema zaidi.

Baba yako

Rotterdam, 15 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Wauguzi wameniambia nyonga imeungwa vizuri na umeanza kulalamika kuhusu kahawa, ndipo nikapumua. Jana nilipokuja hospitali ulikuwa umelewa dawa, hukunisikia, kwa hiyo nimekuandikia na Aukje atakusomea. Aukje, soma yote, usiruke.

Umemuuliza kila anayeingia: Hiske alijuaje? Mimi niko Rotterdam, wewe umeanguka Jumanne jioni mlangoni pa kibanda kwenye mvua, simu iko mezani ndani. Daktari alisema ungelala pale mpaka asubuhi tusingekuwa tunaandikiana tena. Sasa nakwambia nilijuaje.

Ile swichi yako ya redio inalia. Kidude kikiamka kinasema "tak". Siku ya wizi nilikisikia kwa mara ya kwanza, nikafurahi, nikajua baba anauliza. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu jioni, nakata vitunguu: tak. Siku iliyofuata, saa ile ile: tak.

Nilikasirika, baba. Nilichukua bisibisi nikatoa skrubu mbili. Halafu nikajiuliza, huyu mzee anatafuta nini? Skuta imeshakwenda. Anaiuliza betri iliyoko jikoni kwangu iko wapi, na kila siku inamjibu kwamba iko jikoni kwangu, na kesho anauliza tena. Nilirudisha skrubu.

Tangu hapo naichaji kila Jumapili isije ikazima. Nikichelewa kazini napiga pedali kama mwehu niwahi saa kumi na mbili na nusu. Ikilia najua umemaliza siku yako, uko mzima. Sikukwambia kwa sababu ungeacha.

Jumanne haikulia. Nikangoja robo saa, nikaigonga, nikaangalia kama ina umeme. Saa moja kasoro nikampigia Aukje, nikamwambia achukue ufunguo aende kwako, hata kama ananiona mwendawazimu. Alikwenda na viatu vya ndani, akakukuta.

Sasa nina sharti lingine. Ukipona tengeneza cha pili, ukae nacho wewe, na mimi niulize. Haiwezekani uwe unaniona tu na mimi nakaa nasikiliza betri.

Nakupenda. Kwenye simu ningeshindwa kulisema, kwa hiyo liko hapa.

Binti yako,
Hiske

Dokkum, 10 Desemba

Hiske mwanangu,

Marahaba, mara nyingi. Nimerudi nyumbani na fimbo mbili na onyo la daktari. Aukje alisoma yote. Alilia, akasema ni vitunguu, na hatukuwa na vitunguu.

Nianze na kujitetea. Ulisema niulize skuta ikiibwa. Iliibwa, haijapatikana, kwa hiyo nimekuwa nauliza. Nililipanga hilo tangu Juni, lilinipa usingizi. Sasa nikiliandika naona ni utetezi wa mtoto.

Ukweli ni huu. Mama yako hakuwa anapakua mpaka uwe umeingia ndani. Tukisikia baiskeli yako ukutani, ndipo kijiko kinaingia chunguni. Alipofariki, nawe ukaondoka, nilijipakulia kama mtu yeyote, na chakula hakikushuka. Nilikuwa nakaa nacho mpaka kinapoa, namwagia bata. Ile siku ya wizi kidude kilipojibu kwamba uko nyumbani, nilikula sahani mbili. Nilijua kilichonijibu ni betri. Lakini betri ilikuwa kwako, na hukuitupa, nami nikaamini kwamba wewe mwenyewe uko karibu nayo. Kwa hiyo kila siku nauliza, najibiwa, ndipo napakua. Jumanne ile nilitoka kwanza kibandani kuitia mafuta baiskeli yangu, nikaanguka kabla sijauliza, na viazi vikaungua jikoni.

Nimekusikia. Cha pili kiko tayari, nimekiweka kando ya jiko, namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Barua itakufikia Alhamisi. Alhamisi napika viazi na soseji, Aukje anakuja, na nimeshamwambia hapana anayepakuliwa mpaka Hiske aulize. Usichelewe, mama, anachukia viazi vilivyopoa.

Baba yako