Ilikuwa ya Jikoni, Si ya Puani

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya gereji.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Magoti yako yanasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba unasimama jikoni tangu asubuhi mpaka hoteli inafungwa, na ukirudi unapanda ngazi moja moja kama bibi harusi. Naomba yawe yamepoa. Na yule mpishi wenu anayerusha masufuria, bado hajapatikana wa kumtuliza?

Sisi tunaamka, tunakula, tunashukuru. Mama mkwe aling'olewa lile jino, na sasa anawasimulia wageni kana kwamba alilivuta mwenyewe. Binti amepanda darasa na ameanza kunisahihisha mwandiko. Hii sitampa aisome.

Ndugu yako mtaani bado wanamwita Kinyonga. Juzi alirudi wa kijani, jana wa fedha mpaka kwenye kope. Kazi ya kupiga magari rangi anayo na bado anaipenda. Ningependa niishie hapo, wifi, lakini sikukaa chini kuandika kwa ajili ya hayo.

Unaikumbuka barua yako ya mwaka jana kuhusu chujio la mkaa? Ulitueleza mnavyosafisha lile la feni inayovuta moshi juu ya jiko: mnalisuuza kwa maji ya moto bila sabuni, mnalikausha vizuri, kisha mnaliweka kwenye oveni ya moto mdogo madirisha yakiwa wazi. Ukasema hilo hufanyika mara chache tu, halafu chujio linatupwa. Niliisoma kwa sauti yeye akiwa mezani. Aliacha kula akaniambia nirudie.

Barakoa anayovaa kupiga rangi ina vikopo viwili mashavuni, na ndani ya vikopo hivyo mna mkaa. Kwake yeye mkaa ni mkaa. Jumamosi iliyofuata alivisuuza, akavianika, akaviingiza kwenye oveni yangu. Mimi ndiye niliyeiwasha, na nataka ulijue hilo.

Nyumba ilijaa harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mama alitoka nje na kiti chake, binti akatapika, mimi kichwa kikaniuma hadi magharibi. Kesho yake nilioka mkate, na ingawa oveni niliisugua, mkate ulinuka rangi kiasi kwamba sikuweza kuumeza. Ndugu yako alikula vipande vitatu akaomba cha nne. Nilicheka, nikadhani ananihurumia.

Baadaye nilikwenda kwa mzee anayeuza vifaa vya rangi, kikopo kimoja mkononi. Alinieleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Mkaa ule una vitundu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyonasa mvuke wa thina, na vikijaa vimejaa. Maji yanaondoa vumbi la juu tu. Oveni ya nyumbani haina moto wa kuvizibua. Inachofanya ni kuumwaga mvuke jikoni kwako, na siku mbaya mvuke huo unashika moto. Chujio la jikoni likishindwa kazi, nyumba inanuka vitunguu, yameisha. La barakoa likishindwa, mtu anavuta sumu akidhani yuko salama. Fundi mwenye busara hulitupa mapema, na hata mjinga hulitupa akianza kusikia harufu ya rangi ndani ya barakoa.

Nilimpelekea Kinyonga maneno hayo yote, akacheka.

"Kila mwamba ngozi huvutia kwake, mke wangu. Ulitaka muuza machujio akwambie usinunue? Mimi nina haya mwaka mzima, sijasikia harufu hata siku moja."

Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mkate, na vile vipande vitatu.

Nilivificha vikopo kabatini, nyuma ya mashuka. Hakugombana nami. Alijifunga kitambaa usoni akaenda kupiga rangi lori, na jioni akarudi anakohoa na kutema mate ya bluu. Asubuhi nikavitoa mwenyewe, nikavipangusa, nikampa. Wanasema mfa maji haishi kutapatapa, lakini mimi hata huko kutapatapa kumenishinda. Nikimnyima ni vibaya, nikimpa ni vibaya.

Na barua yako, wifi, ameivika nailoni akaibandika ukutani pale gereji. Ile sehemu ya kutupa ameikunja kwa ndani. Wapiga rangi wenzake wawili wanaifuata kama maagizo ya daktari. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, na ukiandika neno kwake ni sheria. Nilijaribu kukwambia kwenye simu, lakini kila ukipiga yuko ubavuni mwangu, mnaanza utani wenu, na salamu zinamaliza muda.

Jana mchana nilimwambia afumbe macho, nina kitu cha kumpa. Alifumba huku anatabasamu, akanyoosha na mkono. Nikafungua chupa ya thina, nikaisogeza chini ya pua yake mpaka ikakaribia kumgusa. Mimi mwenyewe macho yalikuwa yananitoka machozi.

"Haya, ni nini?"

"Umeniletea maji," akasema.

Alipofumbua macho aliitazama ile chupa muda mrefu. Akaichukua mkononi mwangu, akaifunga kifuniko, akakikaza. Nilingoja acheke, maana unamjua, hakuna jambo asilolicheka. Alikaa tu kitandani na chupa mapajani. Kisha akasema, "Usimwambie dada. Atajilaumu kwa ile barua."

Nadhani alichukulia kunyamaza kwangu kuwa ni ahadi.

Leo ni Jumapili lakini ameitwa kazini, kuna basi zima linalotakiwa kesho. Ameondoka na barakoa ileile, vikopo vilevile. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Sasa unajua." Akasema anajua, na basi linangoja.

Basi nimekwambia, na sijui hata nikuombe nini. Ukimwandikia, atajua nimevunja neno, na atajua kwamba umejua. Usipomwandikia, ataendelea kukulinda wewe kwa mapafu yake. Sina mtu mwingine wa kumwambia, na mimi nampenda huyu mtu, wifi, nampenda na sijui nimfanye nini. Andika. Mwambie barua ile ilikuwa ya jikoni.

Mama anakusalimu sana, anasema upake magoti mafuta ya moto. Binti anamsalimu shangazi yake na anauliza kama huko mnakula kila siku kama wageni. Kinyonga angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kuipokea hii bila kujihukumu. Tuombee pumzi.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mke wa Kinyonga