Maparachichi Yaliyotikiswa

Shoga, nimeumbuka!

Mnunuzi kapasua parachichi letu mbele ya ghala zima. Ndani jeusi! Kapasua la pili, jeusi vilevile. "Haya hayakuchumwa kwa mkono, yameangushwa chini. Lori lirudi."

Lori zima, shoga!

Nikamgeukia msimamizi wetu wa shamba, nikamfokea mpaka nikamfukuza kazi palepale. Kainamisha kichwa tu.

Mara mama mkwe, niliyekuja naye na lori: "Mwache. Mimi ndiye niliyemlazimisha atikise miti, tuwahi soko. Kwanza alinikatalia."

Mama mkwe! Yule asiyejua neno samahani!

Nikamwomba msimamizi radhi mbele ya walewale. Akasema, "Yaishe, dada. Tuchambue, mazima hayakosi."

Sasa tunachambua watatu, mama mkwe katikati. Hakuna anayemtazama mwenzake.